Vita vya Milimita Mbili

Sogeeni, enyi mlioketi nanyi mliosimama, nisimulie jinsi Nukta, mpimaji wa mionzi, mshika bisibisi asiyetetereka, hasimu wa kila kilichokwenda kombo, alivyopigana na milimita mbili, na jinsi milimita mbili zilivyokaribia kumgaragaza.

Asubuhi hiyo Nukta aliingia chumba cha matibabu ya mionzi, akanywa chai na biskuti juu ya kitanda cha mashine, jambo lililokatazwa nami silifichi, kisha akaweka pale pale kitandani kisanduku cha kupimia, chenye misalaba iliyochorwa mbavuni. Akawasha leza. Mistari myekundu ikaruka kutoka kutani ikutane juu ya misalaba kama ilivyo ada. Lahaula, wa kushoto ukapita juu, wa kulia ukapita chini, milimita mbili kamili. Na leza zisipolingana, mashine haifunguliwi, mgonjwa anarudi nyumbani.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Bibi mshonaji, aliyebakiza siku moja tu ya matibabu kati ya thelathini. Alikuwa keshafika mlangoni, amevaa viatu vipya alivyoiwekea siku hiyo.

"Ewe leza ya kushoto," akanguruma Nukta akipanda ngazi, "umenitii miaka sita, leo waniasi mbele ya Bibi? Basi utaionja bisibisi hii."

"Mjukuu wangu, hebu shuka kwanza," akasema Bibi. "Nimekata suruali za watu miaka arobaini. Huko ukutani hakuna kosa. Hicho kisanduku ndicho kimelala upande."

"Bibi, kisanduku hiki kimeshuhudia mapambano ambayo..."

"Kiinue."

Akakiinua. Chini yake ilikuwepo punje ya biskuti.

Shujaa akaona aibu, aibu ya kweli, maana angeigusa skrubu ya leza angepindisha chumba kizima kifuate biskuti, na mionzi ya Bibi ingeangukia pasipo pake. Akapangusa kitanda mara tatu. Akarudisha kisanduku. Mistari ikakutana.

Bibi akalala, na mstari mwekundu ukatua juu ya alama ya wino ubavuni pake, katikati kabisa. Akauchungulia kwa jicho la kazi.

"Hapo sasa," akasema, "hata mkasi ningepitisha."

Na ikaandikwa daftarini, kwa mkono wa Nukta mwenyewe, ili vizazi vyote vya zamu ya mchana visome: Leza, sawa. Bibi, amemaliza. Chai, nje.