Kigelegele Changu Kiingie Albamu ya Tatu

Jumatatu, 9 Septemba
Mjukuu wangu Abdulswamad na bendi yake ya Chokaa wameanza kurekodi albamu ya tatu, hapa sebuleni kwangu. Wanapiga roki. Kelele, lakini kelele zenye adabu. Ya kwanza walirekodia Mapinga, sikuitwa. Ya pili walirekodia hapa hapa, nikawapigia kigelegele, wakakifuta. Ila sauti ya jirani yangu Biubwa, akimfokea mbuzi wake nyuma ya ua, wameiacha. Eti inanogesha wimbo. Tangu siku hiyo Biubwa hapiti popote hapa kijijini Zinga bila kuulizwa habari za mbuzi, naye hujibu kama msanii. Safari hii naingia mimi. Yahya, mpiga ngoma wao, kapata kazi Ubena, Jumamosi anaondoka. Nikikosa sasa nimekosa.

Jumanne, 10 Septemba
Nimetwanga kisamvu chini ya dirisha, nikifuata ngoma za Yahya. Anayekosea mapigo ni yeye, si mimi. Wakaacha kupiga. Abdulswamad akatoka, akasema shikamoo bibi, tunaomba utwange baadaye. Shikamoo alishanipa asubuhi. Mtu akikuamkia mara ya pili ujue anakufukuza.

Alhamisi, 12 Septemba
Nimempelekea Mwinshehe, fundi wao wa mitambo, vitumbua. Kala vyote, kanirekodi peke yangu. Kigelegele safi, kirefu. Akavua vile vya masikioni akijishika kichwa. Kasema kimezidi mashine, nina kidogo kidogo? Kigelegele kidogo ndiyo nini? Nimemwambia akapige chafya mwenyewe.

Ijumaa, 13 Septemba
Nimenuna. Sikupika. Wametoka msikitini wamekuta jiko limepoa. Tumeelewana upesi sana. Kesho alasiri wanarekodi wimbo wa mwisho. Nikae kwenye kona, nisitoe hata pumzi. Abdulswamad akiinua mkono, napiga changu, na hawakifuti.

Kabaki Biubwa. Nimemwendea kwake, nimemwambia kesho alasiri kuna maulidi Mapinga kwa Bi Habiba, naye kaalikwa. Huyo Habiba nimemuumba mimi njiani. Biubwa kashukuru mpaka kanipa ndimu. Kichwa hiki kingepelekwa shule, ingekuwa hatari.

Jumamosi, 14 Septemba
Nimekaa kwenye kona. Wimbo ukafika mwisho, limebaki gitaa moja tu linalia.

Hodi.

Biubwa. Kanga mpya, udi mwili mzima, kaja kunipitia twende wote. Hilo sikuliwaza! Mwanamke gani wa huku anakwenda maulidi bila kumpitia jirani?

Sikuitikia, nimekatazwa pumzi. Akapiga hodi ya pili. Ya tatu akauliza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kama Batuli nimekufa au naona haya kwa kuwa sina kanga ya kuvaa. Mimi? Nikauma ulimi. Hapo hapo Abdulswamad akainua mkono. Mdomo umejaa majibu ya Biubwa, kigelegele kikakosa pa kupita. Ikatoka hewa.

Biubwa akachungulia, akaona vijana, magitaa, na mkono juu. Akadhani ni shughuli. Akapiga yeye.

Mwinshehe kafurahi. Eti hicho hakijazidi mashine.

Yahya kaondoka na gari ya jioni, hakuna kurudia. Biubwa nimemwambia maulidi yameahirishwa. Kaniuliza nani kayaahirisha. Nimesema Bi Habiba.

Jumapili, 29 Septemba
Albamu imetoka, imo kwenye simu zote. Wimbo unaopendwa ni huo wa mwisho, wenye hodi. Biubwa anapokea wageni barazani, kaacha hata kufagia. Nimeusikiliza kwa makini. Kati ya hodi ya pili na ya tatu pana kimya. Kimya kile ni changu. Nimewaeleza watu, wananipa pole.

Lakini Yahya anakuja Jumamosi, wanarekodi wimbo mmoja wa kuongezea, alasiri tena. Nimeomba kona yangu, nimepewa. Na Biubwa safari hii nampeleka mbali kweli kweli: nimemwambia kuna hitima Chalinze, kwa watu wakubwa, atakula mpaka achoke. Kafurahi. Kauliza anipitie saa ngapi.

Nikamjibu kwa adabu, alasiri.