Elektroni ya Kumi na Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Nimepewa kemia. Sikukusudia, mkono uliinuka wenyewe. Mwalimu wa kemia amekwenda likizo ya uzazi, na mkuu wa shule akauliza kikaoni nani atamshikia Kidato cha Pili A. Kila mtu akaangalia viatu vyake, nami vyangu. Halafu mkuu akaongeza kwamba Idara ya Sayansi haina kiongozi, kwamba mkaguzi atakuja kwenye maonyesho ya tarehe kumi na tano, na kwamba atakayemridhisha mkaguzi ndiye atakayepewa idara.

Kiongozi wa idara ana ofisi. Ofisi ina dirisha. Ndani ya ofisi kuna kiti cha kuzunguka! Mimi nimefundisha historia miaka kumi na minne juu ya stuli yenye mguu uliofungwa waya. Nikasema kemia niliisoma sana.

Aliyeguna ni Pipeti. Ndiye mwalimu wa Kidato cha Pili B, mrefu, mwembamba, kemia kaisomea kweli. Jina hilo wamempa wanafunzi, kwa ule mrija mwembamba wa maabara. Mimi wananiita Zama za Mawe. Sijali hata kidogo.

Jumanne, 5 Machi

Binti yangu yuko A, yaani sasa ni mwanafunzi wangu. Ana miaka kumi na mitano na hasahau kitu, hasa makosa ya baba yake. Jioni nimemwomba anikumbushe mambo mawili matatu ya atomi. Akaniuliza nimesahau kuanzia wapi. Nikamwambia kuanzia mwanzo.

Tukakaa meza ya jikoni na kopo la vifungo la mama yake, ambaye ni fundi cherehani. Vifungo vyekundu katikati: protoni, zenye chaji chanya. Vyeupe humo humo: nyutroni, hazina chaji. Hizo pamoja ndizo kiini. Vidogo vyeusi nje: elektroni, chaji hasi, zinazunguka kwenye obiti. Obiti ya kwanza inabeba mbili tu, ya pili nane. Na idadi ya elektroni ni sawa na ya protoni, ndiyo maana atomi nzima haina chaji. Rahisi! Sijui watu wanalalamikia nini. Binti akasema bado kuna valensi. Nikamwambia hiyo tuiweke kiporo.

Mke wangu akaingia kutafuta vifungo saba vyeusi vya gauni la mteja. Akaikuta naitrojeni yetu imekamilika mezani. Akaivunja na kuondoka na elektroni zote.

Alhamisi, 7 Machi

Kipindi cha kwanza. Nimeanza vizuri, nimechora kiini, nimekoleza kwa chaki nyekundu. Halafu binti akanyoosha mkono. Akauliza kwa nini valensi ya sodiamu ni moja na ya magnesi ni mbili. Jana alinieleza hayo hayo, nami nikaitikia kila sentensi huku nikikifikiria kile kiti. Alidhani ananipa swali jepesi la kunipandisha chati. Nikajibu kwamba magnesi ni ya zamani zaidi.

Mbaya si kwamba nilisema. Mbaya ni kwamba waliandika.

Saa nne, chumba cha walimu, Pipeti akaniuliza kwa upole kama magnesi ni ya kabla au ya baada ya vita kuu. Walimu wawili walipaliwa na chai.

Jioni binti akanieleza upya, polepole, kama anayemvusha mtu barabara. Atomi inataka obiti yake ya nje ijae. Kwa hizi tunazosoma, kujaa ni nane. Sodiamu ina moja tu huko nje, hivyo inaitoa, na valensi yake ni moja. Magnesi inatoa mbili. Yenye saba haitoi, inatafuta moja ya kujazia, na valensi yake ni moja pia. Idadi inayotolewa, kupokewa au kushirikishwa ndiyo valensi. Hakuna uzee humo.

Nikamwambia darasani asiniulize tena kitu. Akazungusha kifungo kwa kidole kimoja. Kisha akaomba kuhamia B. Anasema nyumbani ananifundisha, shuleni anajifanya hajui, na amechoka. Nikakataa katakata. Mtoto wa mwalimu akimbilie kwa Pipeti? Nitaiweka wapi sura yangu?

Jumamosi, 9 Machi

Habari njema. Kwenye maonyesho kila mkondo utatengeneza atomi uwanjani, wanafunzi wenyewe wakiwa elektroni. A tuko kumi na tisa. Pipeti ana kumi na saba. Nimeshashinda kwa hesabu tu.

Nikapanga: wawili, wanane, wanane. Akabaki mmoja wa obiti ya nne. Binti akasema hiyo ni potasiamu. Nikauliza nani awe huyo mmoja, kisha nikamtazama yeye, na jibu likaja lenyewe. Obiti ya nne iko mbali na kiini, mbali na mkaguzi, mbali na masikio ya watu. Swali lolote likitokea huko halitafika.

Akasema elektroni ya namna hiyo huwa haikai, baba. Nikamwambia itakaa, kwa sababu mimi ni baba yake. Mke wangu, pini mdomoni, akacheka bila kufungua mdomo. Sikumuuliza anacheka nini.

Jumatano, 13 Machi

Mazoezi. Pipeti amechora obiti zake tatu kwa chokaa: wawili, wanane, saba. Ya nje ina pengo, na kwenye pengo ameweka kiti kitupu cha darasani. Maskini. Watu wamemwishia, naye badala ya kuficha aibu anaiwekea kiti.

Nimemweleza mkuu wa shule, kwa nia njema, kwamba mwenzetu ana upungufu. Mkuu akasema naye alikiona kile kiti, akamuuliza Pipeti, na Pipeti akatabasamu tu. Mtu akitabasamu namna hiyo ujue maji yamemfika shingoni.

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimetumia akili. Wote walipotoka, saa kumi, nikarudi uwanjani na ndoo ya chokaa na kamba. Kamba nikaifunga kwenye mlingoti, ambao ndio kiini chetu, nikaifuta obiti ya nne na kuichora upya mara mbili ya mwanzo. Ikapita bomba la maji. Ikapita maua ya mkuu. Ikafika hadi ubavuni mwa atomi ya Pipeti, ikapita kando ya kile kiti chake kitupu, hatua moja tu. Safi sana. Mkaguzi ataona kwa macho yake nani ana atomi na nani ana mchezo wa watoto.

Nyumbani mke wangu akatazama suruali yangu na kuuliza kama siku hizi napaka kuta za watu.

Ijumaa, 15 Machi

Naandika huku nimejifungia chumbani.

Ilianza vizuri. Mkaguzi ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba na daftari nene. Nilisimama mlingotini na beseni la vifungo kumi na tisa vyekundu na ishirini vyeupe. Protoni na nyutroni zangu. Mke wangu hana habari. Nikapuliza filimbi. Elektroni zikazunguka. Wawili karibu yangu, wanane, wanane, na huko mbali kabisa, upande wa bomba la maji, binti yangu peke yake. Iliniuma kidogo moyoni kumwona mdogo namna ile. Nikapuliza tena.

Mzunguko wa tatu akafika kwenye kile kiti. Akasimama. Akanitazama. Nikatikisa kichwa. Nikatikisa tena, kwa nguvu. Kwenda kumzuia nisingeweza, mimi ni kiini, kiini hakitoki mahali pake. Akavuka hatua moja, akaketi.

Uwanja mzima ukapiga makofi. B wakasema kwa pamoja, kama waliopangwa, kwamba sasa wana nane nje, na kwamba hii ni kloridi ya potasiamu. Pipeti mwenyewe alikuwa ameachama. Hakujua lolote! Yeye aliwafundisha wanafunzi wake kumi na saba ukweli wa klorini, basi. Njia ya kufika kwenye kiti nilimchorea mimi.

Mkaguzi akanijia na kalamu. Akasema mfano huu ni mzuri kuliko yote aliyoiona. Akauliza: protoni zako ni kumi na tisa, elektroni zimebaki kumi na nane, sasa upande wako umekuwa nini?

Nikatazama kule mbali. Binti yangu, kwenye kiti cha watu, alikuwa ameinua mikono na kupishanisha vidole viwili vya shahada. Alama ya kujumlisha. Mtoto mwema, hajamtupa baba yake. Nikajumlisha haraka kichwani, nikajibu kwa sauti: thelathini na saba.

Mkaguzi aliandika muda mrefu.

Jumatatu, 18 Machi

Kiti kimekwenda kwa Pipeti. Nimepita dirishani mara tatu. Kinazunguka vizuri.

Mkuu amenisomea taarifa. Mkaguzi amesifu ushirikiano wa mikondo miwili, na amependekeza kiini cha Kidato cha Pili A kipewe msaada. Kumbe jibu lilikuwa ioni, yenye chaji chanya moja, kwa kuwa protoni zimezidi elektroni kwa moja. Binti kasema alama ile haikuwa ya hesabu. Nikamwambia angeniandikia.

Kisha akaweka mezani barua ya kuhamia B. Inahitaji sahihi mbili, ya mwalimu wa darasa na ya mzazi. Zote zangu. Ya mwalimu niliiweka upesi, tena kwa mbwembwe. Ya mzazi kalamu ilisita. Nilihuzunika, sitaficha. Na nilijivunia vilevile, maana uwanja mzima elektroni iliyojua kazi yake ilikuwa moja, nayo ni yangu. Hilo sikumwambia. Nilimwambia mwandiko wake ni mbaya.

Akaichukua barua, akaikunja vizuri. Akasema B si mbali, ni ukuta mmoja tu, na kwamba jioni meza ya jikoni iko palepale.

Mke wangu amehesabu vifungo. Vimepungua vinne vyekundu. Nimesema ni mionzi.

Jumatano, 20 Machi

Kikao. Kemia ya A itashikwa na Pipeti mpaka mwisho wa muhula. Nimejisikia mwepesi, nikaazimia kurudi kwenye historia yangu na stuli yangu na kutulia kabisa. Sitaki tena makuu.

Halafu mkuu akasema mwalimu wa baiolojia ameteguka mguu, hataonekana mwezi mzima. Akauliza nani atamshikia. Kila mtu akaangalia viatu vyake. Mkuu akaongeza kwamba Pipeti anahitaji msaidizi wa idara. Msaidizi hana kiti cha kuzunguka, lakini meza yake iko chumba kilekile, na Pipeti hukaa maabara siku nzima.

Nikasema baiolojia niliisoma sana. Pipeti akaweka kikombe chini polepole.

Tayari nina mpango. Moyo, uwanjani, kwa chokaa, mkubwa kuliko yote iliyowahi kuchorwa, wanafunzi wakiwa damu. Milango yake yote nitaiacha wazi ili damu ipite popote itakapo bila usumbufu. Nimeshapima kamba.

Jioni nimemkuta binti mezani na daftari la B. Nikamwomba anikumbushe mambo mawili matatu ya moyo. Mama yake akanyanyua kopo la vifungo, akaenda nalo chumbani na kufunga mlango. Binti akavuta karatasi safi, akaniuliza nimesahau kuanzia wapi.

Nikamwambia kuanzia mwanzo.