Nilivyoingia Kikao cha Zoni na Beseni la Samaki

Jamani wenzangu wa sokoni, msiniulize kwa nini nanuka samaki mpaka kichwani. Leo nimeaibika mbele ya wakubwa wa zoni, wilaya yetu nzima, na hasira bado haijanitoka!

Mliliona lile tangazo sokoni: zoni itafanya kikao cha wazi kuhusu soko letu, raia wote waje kusikiliza. Mimi nikaliamini. (Nilisoma kwa masista miaka sita, na bado naamini maandishi.) Nikajitwika beseni langu la samaki wa Kasenga, maana nani angenilindia, nikaenda.

Mlangoni nikamkuta planto, yule mzee wa kulinda mlango.

"Papa, kikao iko wapi?"

"Iko humu ndani."

"Basi nipite."

"Hapana, mama. Bantu habaingie."

"Watu hawaingii? Lakini tangazo linasema ni cha wazi!"

"Njo, iko ya le public. Lakini le public inangojea inje."

Le public, yaani sisi raia, nje! Juani! Nikamwomba basi anionyeshe hata karatasi ya mpango wenyewe wa soko. Akashtuka kama nimemtukana.

"Mama, ile iko siri ya Leta!"

Nyanya na samaki, siri ya serikali!

Alipokwenda kunywa maji, nikabandika sikio mlangoni. Namsikia komisera, mkuu wa zoni, akisoma: soko linahamishwa nyuma ya reli, na kiwanja chetu anapewa citoyen fulani, ndugu raia kama wanavyoitana, ajenge depo la bia. Jina nikalitambua. Shemeji ya komisera mwenyewe! Nikaegemea nisikie vizuri zaidi. Na wakati huohuo mtu wa ndani akavuta mlango.

Niliingia kwa tumbo. Beseni likanitangulia. Samaki wakatawanyika hadi chini ya meza, mmoja akalala juu ya kiatu cha komisera. Abacost zote, zile suti za wakubwa zisizo na tai, zikageuka.

"Wewe ni nani, citoyenne?"

Maneno nilikuwa nayo, jamani. Njia nzima niliyapanga! Kilichotoka ni hiki:

"Mimi... ni le public."

Walicheka mpaka mmoja akavua miwani afute machozi. Komisera hakucheka. Akamwambia karani: "Andika. Le public ilikuwako." Kisha akaomba makofi kwa uamuzi wa kulihamisha soko. Wote wakasimama, wakapiga, wakinitazama. Mnajua asiyepiga makofi siku hizi anaitwa wapi.

Nikapiga.

Ndiyo, mimi Mama Ilunga! Nimepiga magoti katikati ya samaki, nalipigia makofi soko langu linalouawa. Karani akanisogezea kalamu niweke sahihi chini ya maneno haya: "Le public imekubali kwa kauli moja." Kauli moja, yangu! Nikatia sahihi. Nikaokota samaki wangu, nikatoka.

Haya, chekeni. Ila atakayecheka kwa sauti, kesho asubuhi ndiye atakayenisindikiza kuidai ile karatasi yenye sahihi yangu.