Sufuria ya Matanga Yangu

Jumanne, 1 Agosti 2006. Kitale.

Daktari amesikiliza moyo wangu, akakunja uso, akaniambia nipumzike. Nipumzike! Basi nakufa. Nimeamua kuungama humu mapema, kabla wengine hawajasimulia maisha yangu kwa sarufi mbovu.

Naanza na sufuria. Mwezi uliopita tulizika jirani kule kwetu Kabuchai, na chakula kilipikwa kwenye sufuria nyeusi kama bomba la moshi. Nikasimama. Nikatangaza mbele ya waombolezaji wote kwamba kwenye matanga yangu sufuria itang'aa hata kila mtu ajione uso. Wakoli wa Chwele alicheka mpaka akashikilia fimbo ya mwenzake. Ni wa rika langu huyo. Tulipakwa matope ya mto mmoja asubuhi moja, tukatahiriwa, kwa hiyo ana ruhusa ya kunitukana hadi kaburini. Akasema ati watu badala ya kunililia watajichokonoa meno. Akaapa atakuja kukagua.

Leo nimeinunua. Stenlesi tupu, chuma kisichoshika kutu! Hubebwa na watu wawili. Ilikuja na karatasi ya maelekezo ya kuisafisha. Makosa kila mstari! Nimeisahihisha kwa wino mwekundu, nikaipa nne kwa kumi, nikawashia jiko.

Alhamisi, 3 Agosti.

Msiba kabla ya msiba. Roselyne, mke wa mwanangu Wanjala, amewachemshia akina mama wa kanisa maharagwe ndani ya sufuria yangu. Wao wakaimba, maji yakakauka. Ukoko mweusi, unene wa soli ya kiatu!

Siwezi kumgombeza. Mimi ni baba mkwe. Hata kuusogelea mlango wa jiko lake ni aibu. Nikamtuma Wanjala, naye akarudi na jibu lake mwenyewe: ati Mzee, si ni sufuria tu, kwani utazikwa nayo? Huyu hajawahi kuelewa swali tangu darasa la tatu.

Ijumaa, 4 Agosti.

Naungama: nimeingia jikoni mwa mkwe wangu. Baba yangu angechinja kondoo kuitakasa nyumba. Lakini wote walikuwa wametoka. Nilikuwa na waya wa kusugulia, mchanga na elimu. Nikasugua kwa kuzungusha, kwa nguvu zote zilizobaki. Ukoko ukatoka! Nikacheza kidogo. Moyo ukakataa.

Nikainamisha sufuria kwenye mwanga wa dirisha. Mungu wangu! Mikwaruzo duara juu ya duara, kana kwamba kuku wamefukua humo wiki nzima.

Ghafla, lango. Roselyne! Nikajibanza nyuma ya gunia la mahindi. Mkongojo ukabaki mezani. Aliingia, akasimama, akageukia ukuta, akatoka. Huko uani akaanza kukohoa kwa sauti kubwa, huku akienda mbali. Nikapenya mlango wa nyuma. Hakuniona kabisa! Lakini kikohozi kile si kizuri. Apelekwe hospitali.

Mkongojo nimeukuta umeegemea mlango wa chumba changu. Kumbe sikwenda nao.

Jumapili, 6 Agosti.

Asubuhi nimekuta mlangoni pangu beseni la maji moto yenye magadi, na kitambaa laini kando. Mkwe mwenye adabu! Nimeosha miguu. Raha iliyoje.

Mchana, chupa ya siki, mahali palepale. Dawa ya moyo, bila shaka. Nikanywa kijiko kizima, machozi yakanitoka. Kitu kikali hivyo lazima kinatibu.

Jioni akaja Wanjala, akikwepa macho yangu. Ati Roselyne anasema, na si kwamba anamwambia mtu yeyote, ukoko hulainishwa kwa maji moto ya magadi. Waya hapana, mchanga hapana. Ati stenlesi ina mistari yake kama mbao, na kitambaa hufuata mistari, hakizungushwi. Siki huondoa madoa. Ukimaliza, futa ikauke papo hapo. Muhadhara mrefu kwa mtu asiyeambiwa! Nikamjibu kwamba nimekagua shule za wilaya nzima, sikaguliwi mimi. Akatazama miguu yangu kwa muda, akaondoka. Sijui kwa nini.

Nimeagiza sufuria iletwe chumbani kwangu. Kwa usalama.

Jumatano, 9 Agosti.

Jana niliijaza maji baridi na chumvi ya mawe, nikaiacha mpaka leo. Sayansi! Leo ina vidoa vidogo vilivyochimba. Sufuria yangu imeugua ndui.

Na ni leo hasa Wakoli ameamua kuja, juu ya pikapu ya wauza vitunguu. Akainama ndani. Akasema ati Inspekta, naona uso wako umechanjwa chale kila mahali, mganga wako ni nani? Akacheka peke yake. Kisha akajitazama yeye, akanyoosha kofia. Akasema hata hivyo ni sufuria nzuri, bana, na imempenda yeye kuliko mwenyewe. Pikapu ilipoondoka alikuwa bado anapiga kelele, nisife kabla chai haijamshuka tumboni.

Jumatatu, 14 Agosti.

Wakoli amekufa. Usingizini, bila hata kuniarifu! Mimi ndiye mgonjwa. Mimi ndiye niliyeambiwa nipumzike.

Watoto wake wanaomba sufuria. Nimekataa. Nimekataa tena. Kisha nikaikumbuka ile kofia. Nikamwita Wanjala nimwambie wapewe, kumbe Roselyne alikwisha kuichukua uani nilikoianika, tangu alfajiri.

Jumamosi, 19 Agosti. Chwele.

Inang'aa! Ile mikwaruzo ya duara imefifia, iliyobaki imelala upande mmoja. Ndui ipo, lakini uitafute. Chumvi hukawia tu kufanya kazi. Roselyne amepita karibu ananuka siki. Labda naye ana moyo.

Watu wote walijitazama. Wanawake walifunga vilemba upya. Wakasema Wakoli ameondoka kwa heshima, na sufuria ya Wakoli ni kioo. Sufuria ya Wakoli! Nilitaka kusimama nisahihishe. Hapo nikamwona bwana mmoja mnene ameinama juu yake, anajichokonoa meno. Nikageuka upesi nimwonyeshe Wakoli.

Kiti cha kando yangu kilikuwa kitupu.

Nikaenda kujitazama na mimi. Mzee mmoja, kichwa kinatetemeka. Hakuna aliyeniuliza mganga wangu ni nani.

Jumatatu, 21 Agosti. Kitale.

Sufuria imerudi na ukoko wa wali. Laiti ungeuona! Mlangoni pangu lipo beseni la magadi, kitambaa na siki. Nimeosha miguu. Nimekunywa kijiko changu.

Wote wametoka. Niko jikoni, naandikia juu ya gunia. Waya nimeupata ulikofichwa, nyuma ya pipa la unga. Lazima ing'ae kuliko ilivyong'aa kwa Wakoli, mwenyewe aone huko aliko. Na kosa langu la kwanza nimeligundua: nilikuwa nazungusha kulia. Safari hii nazungusha kushoto.

Roselyne anakohoa uani. Maskini, hajapona.