Risiti Zifutwe, na Fundi Bomba Asiitwe

Kwako Mama Mkwe,
Mwenye Duka la Vitambaa.

Shikamoo Mama. Natumaini mgongo umepata nafuu. Mimi mkweo ni mzima, isipokuwa heshima yangu, ambayo iko mahututi tangu Alhamisi. Niwie radhi kwa wembamba wa karatasi hii. Ndiyo iliyojaa mezani.

Umetangaza mbele ya wanao wote kwamba printa ya risiti isipofanya kazi kufikia kesho asubuhi, utamwita mwanyumba wangu, mume wa Dada Mkubwa, aje aiangalie. Mama, yule ni fundi bomba. Akifaulu, mimi ninayeitwa Injinia katika ukoo huu nitauweka wapi uso wangu? Naleta malalamiko yangu kwa unyenyekevu.

1. Kosa ni la draiva, ile programu inayoifanya kompyuta ielewane na printa. Nimeiweka, nikaiondoa, nikaiweka tena. Nimeweka hata ya printa nyingine inayofanana na yako kwa rangi. Kompyuta inasema imechapisha. Printa inanguruma, inatoa karatasi, inaikata vizuri kabisa, nayo ni nyeupe pe.

2. Nilichomoa waya wa kompyuta, nikabonyeza kitufe ili printa ijichapie yenyewe ukurasa wa majaribio. Nao ukatoka mtupu. Mtu asiye na utaalamu angesema basi kosa haliko kwenye kompyuta. Mimi nikatambua kwamba draiva mbaya imeshaiambukiza printa, nikafuta kompyuta yote, pamoja na orodha yako ya bei, na kuanza upya. Hilo la orodha nimelichomeka katikati ili lisikushtue.

3. Mke wangu, ambaye ni mwanao na kwa hiyo nalileta hili kwako, aliniuliza kama karatasi nimeiweka sawasawa. Nikamjibu kwamba sikusomea kompyuta nije kuulizwa habari za karatasi. Tangu hapo kila karatasi nyeupe ikitoka anaipanga mezani mbele yangu, na hilo linaniumiza kuliko kelele. Naomba akanywe.

4. Ukitazama kwa undani, kosa ni la wateja. Mtu amekishika kitambaa, amekilipia, anaondoka nacho. Risiti ya nini? Napendekeza zifutwe. Anayeng'ang'ania apewe hiyo nyeupe ajaze mwenyewe.

5. Wakikataa, duka lifungwe. Duka lililofungwa halina hitilafu.

Najua utasema mchagua jembe si mkulima. Lakini Mama, jembe halina draiva.

Nisalimie Baba, Dada Mkubwa na watoto wote. Mwanyumba naye msalimie, ila kwa mbali.

Mkweo mtiifu,
Injinia (hadi kesho asubuhi)

Nyongeza: Barua hii nimeiandika kwa kalamu kwenye karatasi ileile ya risiti. Nilipoikunja na kupitisha ukucha kwenye kunjo, upande wa nje ukatokea mstari mweusi. Nikakwaruza upande huu wa maandishi: hakuna kitu. Kumbe printa hii haina wino, huchapa kwa joto, na karatasi hizi hushika joto na kuwa nyeusi upande mmoja tu, nami nilikuwa nimeiweka kinyume. Nimeigeuza, na ukurasa wa majaribio umetoka mweusi safi. Mwanao ameusoma wote kwa sauti, taratibu.

Kwa hiyo usifute risiti wala usifunge duka. Printa iko tayari kuchapisha bei zako zote, isipokuwa nimezifuta. Nitakuja alfajiri unitajie moja moja. Mwanyumba akiuliza, nakuomba sana, Mama, mwambie ilikuwa draiva.