Profesa Bila P

Jumatano, 13 Mei 1964

Nimechoka. Kuwa na akili ni mzigo, hasa ukiwa nazo peke yako Kasenga nzima.

Leo tena tumepima vichwa vya watu ufukweni. Mimi nasoma, Profesa Déogratias anaandika. Huyu ni mtoto wa kijiji cha Nyakabere, wazazi wake wanalima mihogo mpaka leo, lakini yeye anafundisha iniversite, mbali huko. Somo lake sikoloji: jinsi muntu anavyofikiri, anavyokumbuka, anavyosahau. Uhuru ulipokuja, Wazungu wa somo hilo walifunga masanduku, yeye akaachiwa madarasa yao yote. Tangu hapo hajalala vizuri. Anafundisha, anasahihisha, anaandika makala. Anasema makala yake husomwa na watu wanne, na mmoja wao hampendi.

Kazi yenyewe ni hii. Namsomea mvuvi maneno: kasia, chumvi, mbuzi, kengele, na mengine mengi. Mvuvi anarudisha anayoyakumbuka. Hurudisha ya mwanzo na ya mwisho. Ya katikati yanazama. Profesa anasema kichwa cha muntu, kiwe cha mvuvi au cha waziri, hushika kama saba hivi, basi. Mama mudogo Pélagie, ndugu ya mama yangu, ambaye nakaa kwake, akasema hilo alilijua bila iniversite: ananituma vitu vitatu sokoni, narudi na kimoja, na hicho kimoja hakimo katika vile vitatu. Nikamwambia utafiti wake ni mdogo mno.

Jambo kubwa: mwezi wa sita profesa anarudi iniversite na asistanti mmoja wa kudumu. Ni mimi au Protais, mwenzangu katika kazi hii. Protais ana diploma ya sekondari. Mimi nina kipaji. Shule niliiacha mwaka wa pili kwa sababu walimu walikuwa hawana jipya. (Padri mkuu anaeleza vingine.)

Leo profesa alitaka kutupima sisi wenyewe. Tangu alfajiri nilikuwa nimekariri maneno yote. Zamu yangu ilipofika nikayarudisha bila kukosa hata moja! Bahati mbaya alikuwa amesoma maneno mengine.

Alhamisi, 14 Mei

Watu wanatoka Bwegera na magodoro kichwani. Waasi wanakuja. Askari wa serikali wanasema hawaogopi mtu. Wanasema hivyo huku wanapanda lori.

Profesa alituita nyuma ya nyumba, mimi na Protais. Usoni hakuwa na hofu, uchovu tu. Akasema waasi wanatafuta wasomi. Kule walikopita, mwenye kalamu mfukoni alihesabiwa adui, na wengine hawakurudi kwao. Barabara imefungwa. Mitumbwi imejaa matajiri na cherehani zao. Akatuomba kitu kimoja: tusimwambie muntu yeyote kwamba yeye ni profesa. Maisha yangu yako midomoni mwenu, alisema.

Protais akaapa kwa mama yake. Mimi nikaapa kwa mama yangu, kwa marehemu babu, na kwa watakatifu wote wa litania. Sipendi kushindwa.

Mbinu ilikuwa yangu: profesa awe muuza ndagala kwenye meza ya mama mudogo. Tukamvua miwani, tukamvua viatu. Matokeo mabaya! Mnunuzi akisema ghali, profesa anamweleza kwa nini kichwa chake kinaona ghali: bei ya kwanza aliyoisikia ndiyo iliyomshika. Mama mmoja akanunua haraka, akasema heri alipe, huyu bwana anauza samaki kama yuko mimbarini. Mama mudogo akamwamuru profesa awe bubu. Biashara ikachangamka.

Ijumaa, 15 Mei

Wameingia. Risasi chache, kelele nyingi. Askari hawapo, wameondoka hata na kuku wao.

Wapiganaji wana majani kichwani. Wamenyunyiziwa maji ya dawa ili risasi zisiwapate, na wana miiko mingi: usishikane mkono na asiyenyunyiziwa, usiangalie nyuma, usiokote kitu njiani, inaendelea hivyo hivyo. Mmoja wao akifa, husemwa amevunja mwiko. Wamefunga ufuko pia. Hakuna mtumbwi kutoka mpaka wasomi wote wapatikane.

Ajabu ya dunia: kufika saa sita mchana, Kasenga nzima haina anayejua kusoma. Katekista ameshika kitabu cha nyimbo kichwa chini. Karani wa posta anauza ndizi. Protais amejipaka udongo, anasema yeye ni fundi matofali tangu tumboni mwa mama yake. Profesa amekaa nyuma ya ndagala, bubu.

Gaspard kinyozi akawaambia wapiganaji: Kasenga hii, msomi? Toka lini? Huku kwetu hata mbuzi ni wajinga! Wakacheka wote. Nami nilikuwa pale pale kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa. Niliuma ulimi mpaka ukavimba. Siku ngumu kuliko zote za maisha yangu.

Jumapili, 17 Mei, Pentekoste

Misa fupi. Padri hakugusia kabisa habari za watu kusema kwa lugha mbalimbali.

Nje ya kanisa nikakutana na Sidonie. Huyu ni binti wa jirani, mzuri, na anajua. Macho yake yalikuwa kwa mpiganaji mmoja mwenye kofia ya ngozi ya chui. Akasema yule ni mwanaume kweli kweli. Halafu akanigeukia: na weye Norbert, uko nani? Swali gani hilo la kumuuliza mtu aliyenyamaza siku tatu!

Profesa sikumtaja. Naandika hapa wazi wazi: kiapo sikukivunja. Nilisema tu kwamba profesa ni minye, yaani mimi.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Lakini aliniangalia mara mbili.

Jioni mama mudogo akarudi kutoka bombani, mikono kichwani. Anasema huko wanawake wote wanajua: Kasenga iko profesa! Wapiganaji nao wamesikia. Kesho watapekua nyumba moja moja. Akaniuliza kama namfahamu mwenye mdomo huo. Nikamwambia watu hawana siri siku hizi.

Profesa, ambaye sasa analala kwetu, akasukuma sahani ya bugali. Akauliza taratibu ni nani alijua, zaidi yetu. Protais akaniangalia. Mimi nikamwangalia Protais kwa ukali zaidi, ili ionekane ni yeye.

Jumatatu, 18 Mei

Hawakufika kwetu. Walikuwa nyumba ya jirani wakati yule wa kofia ya chui alipomuuliza Sidonie amesikia wapi habari za profesa. Sidonie, kwa kucheka, akanionyesha kwa kidole: si yule pale!

Nikapelekwa kwa kamanda, katika ofisi ya zamani ya Wabelgiji. Mtu mfupi, mpole. Husimama kama mwenye ubao nyuma yake. Akauliza kama ni kweli.

Nilikuwa tayari kusema hapana. Kinywa nilishakifungua. Lakini dirishani nikamwona Sidonie, bega kwa bega na ile kofia. Nikasikia sauti yangu ikisema: profesa wa sikoloji, daraja la kwanza.

Mpiganaji mmoja akavuta kitu kwenye bunduki, ikalia ka! Ila neno likishatoka haliingii tena.

Kamanda akasema basi, tumpime. Akasema vijana wake wanasahau miiko na wanakufa. Profesa wa kukumbuka awafundishe. Akaitaja miiko yote, mmoja mmoja, akaniambia niirudishe. Nikarudisha wa kwanza. Nikarudisha wa mwisho. Katikati nikasema kasia, chumvi, mbuzi, kengele. Wapiganaji wakaanza kuulizana kama kengele nayo ni mwiko, na kama ni mwiko, mbona hawakuambiwa mapema.

Nilipoona wamevutiwa hivyo, nikamshika kamanda mkono kumshukuru. Yowe! Ni mwiko ule wa kwanza kabisa, niliotoka kuutaja kwa mdomo wangu. Ikabidi mganga aitwe, amnyunyizie upya kuanzia kichwani.

Akiwa bado anadondoka maji, kamanda akanipa chaki. Niandike ukutani jina la somo langu, kwa Kifaransa. Nikaandika kwa mwandiko mzuri, wa kulala: SICOLOGIE.

Akasema inaanza na P.

Jamani, nilicheka! Nikamuuliza P ya nini? Nani amewahi kuisikia hapo? Nikamshauri kwa heshima arudi darasani. Akawaka. Akasema inaanza na P, haitamkwi lakini huandikwa, hilo kila mwanafunzi wa... Hapo akakata ghafla. Akawaangalia vijana wake. Vijana wakamwangalia. Akafuta ukuta upesi kwa mkono wa shati, akasema huyu hata uongo wake hajui kuuandika, mtoeni.

Jumanne, 19 Mei

Aibu.

Asubuhi kamanda alipanda juu ya pipa sokoni akatangaza: profesa wa Kasenga amepatikana, amepimwa, ni mjinga mtupu. Hakuna msomi mtaa huu. Upekuzi umekwisha, wavuvi warudi ziwani. Watu wakapiga makofi. Kwa ajili ya samaki, nadhani.

Watoto wananifuata nyuma: Rofesa! Rofesa! Na P iko wapi? Aliyewafundisha ni Sidonie.

Mtumbwi wa kwanza wa kwenda Burundi ulikuwa tayari kabla jua halijawa kali. Profesa Déogratias alipita mbele ya wapiganaji mchana kweupe, kikapu kichwani, bubu muuza ndagala, na hakuna aliyegeuka. Kabla ya kupanda akanishika mabega. Machozi yalikuwa yanamtoka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba miaka yote ya kufundisha hajawahi kuona kichwa kama changu. Kujifanya mjinga mbele ya bunduki! Kuidondosha hata ile P makusudi, ili wacheke profesa wa uongo, wamsahau wa kweli! Akasema asistanti ni mimi, hakuna haja ya mtihani. Nipande.

Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya mtumbwi. Nikamshukuru. Nikacheka kidogo, nikamuuliza: hata weye, profesa? Huo ugonjwa wa P umekupata nawe?

Akatazama maji. Sijamwona amechoka vile hata siku moja. Halafu akaniambia kwa upole, kama anasema na mgonjwa, kwamba mama mudogo hataweza kuishi bila mimi. Akamwita Protais.

Protais akapanda na udongo wake wote. Hata kunawa hakunawa.

Mama mudogo alibaki amepiga magoti mchangani, anamshukuru Mungu, mpaka mtumbwi ukawa kitone. Kisha akaniambia: weye mtoto, ujinga wako umeponyesha muntu leo, sasa kaa nao nyumbani, unyamaze. Nikamwambia haukuwa ujinga. Akaniambia basi nilete maji, sabuni na kuni. Nikaleta maji.

Jumatano, 20 Mei

Nimechoka, lakini nimefikiri. Jambo liko wazi: nilipimwa vibaya. Mapumziko hayakutolewa. Bunduki zilikuwa nyingi kuliko viti. Mtahini mwenyewe alikuwa amelowa. Iniversite gani ingekubali matokeo ya namna hiyo?

Mvuvi aliyewavusha amerudi na salamu: profesa amefika Usumbura, huko Burundi, amelala usiku kucha, ananiomba nikae kimya tu. Vizuri, nafurahi. Yuko salama, kwa hiyo kiapo kimekwisha. Kilichobaki ni heshima yangu.

Gaspard kinyozi anasema niache. Anasema mjinga aliyetangazwa juu ya pipa ana ulinzi kuliko jenerali, yeye mwenyewe angetamani kutangazwa. Wivu tu.

Mama mudogo ameficha suruali yangu nzuri. Nimeipata chini ya unga. Nimeikung'uta, nimeivaa. Naenda kwa kamanda sasa hivi kudai mtihani wa pili, hadharani, Sidonie awepo. Sitasema mengi. Nitamuuliza swali moja tu, mbele ya vijana wake wote na bunduki zao: hiyo P, yeye aliisomea wapi?