Koti la Baba Lililonitia Aibu Melini

Jameni, leo nimeaibika mpaka nikasahau baridi.

Nawaandikia kutoka kompyuta ya wafanyakazi, huku chini kabisa ya meli, karibu na mashine za kufua. Niko kusini mwa Argentina, pale ramani inapoishia. Ndiyo, mimi Hodan wa Noonkopir, yule aliyekuwa akivaa sweta mbili shuleni Julai. Nimekuja kutandika vitanda vya watalii wanaoenda kuona barafu na pengwini.

Sasa sikieni.

Asubuhi nimeshuka ndege ya mwisho, nikasimama pale mizigo inapozunguka. Ikazunguka. Watu wakachukua yao wakaenda. Nikabaki mimi na sanduku moja la rangi ya waridi ambalo si langu. (Nililitamani, sitadanganya.) Dada wa kaunta akaniambia sanduku langu bado liko njiani.

"Njiani wapi?"

"Hatujui."

Basi nguo zote tulizochagua pamoja kwa mitumba ya Kitengela, kwaheri. Nikabaki na nilichovaa: dera, raba, na koti la baba.

Hilo koti mnalijua. Lile jeusi, zito, linalofika magotini, ambalo baba huvaa soko la mifugo Kajiado. Siku ya kuondoka nilipita sokoni kumuaga. Akalivua, akanivalisha mwenyewe, palepale katikati ya mbuzi.

"Aabo, huko ni baridi," akasema. (Kwetu baba anamwita mtoto aabo, na aabo ni yeye. Msiniulize.)

"Na wewe?"

Akageuka kumsalimia mzee wa Kimaasai aliyekuwa akipita. "Sopa!" "Epa!" Wakaanza maneno ya beberu, na mimi nikaondoka hivyo, bila kuagana vizuri. Baba ndivyo alivyo. Akikuangalia usoni siku kama hiyo, atalia.

Haya. Nikafika bandarini. Meli nyeupe, kubwa, inang'aa. Nikapanga foleni. Nikapewa glasi ya juisi na kitambaa cha moto cha kupangusa uso. Nikasema, hawa watu wanajua kukaribisha wafanyakazi! Nikanywa. Nikaomba nyingine. Ndipo akaja mama mmoja mrefu wa Norwei, anaitwa Solveig, ambaye kumbe ndiye mkubwa wangu.

"Wewe ni Hodan?"

"Ndiyo, mama."

"Hii foleni ni ya wageni."

Nikarudisha glasi. (Ilikuwa tupu.)

Hapo bado sijaaibika, hiyo ilikuwa salamu tu. Kumbe kuna sheria. Kule barafuni hakuruhusiwi kufika mbegu, udongo wala unyoya kutoka nchi nyingine, zisije zikaota na kuharibu mahali. Kwa hivyo kila koti na kila kiatu lazima kikaguliwe kabla meli haijaondoka. Meza ya ukaguzi iko ukumbini. Na ukumbini, wageni wote wameketi wakingoja zamu yao.

Solveig akalaza koti la baba mezani, akawasha mashine ya kufyonza vumbi.

Mashine ikanguruma. Ikakohoa. Ikanyamaza.

Akaifungua. Manyoya ya mbuzi, ya kutosha kujaza mto! Akaisafisha, akaendelea. Akafika kwa pindo, akachukua kibanio, akaanza kung'oa vile vimbegu vyeusi vya kishonanguo. Kimoja. Kingine. Kingine tena. Wageni wakasogeza viti. Kuna mama akapiga picha. (Nimeajiriwa kusafisha meli. Uchafu wa meli ukawa ni mimi.)

Halafu akaingiza kidole kwenye mfuko uliotoboka, akatoa kitu cheusi, kidogo, cha mviringo. Akakiinua juu kwa kibanio.

"Hii ni nini?"

Macho yote kwangu.

"Kahawa," nikasema.

Jameni! Sijui hiyo kahawa ilinitoka wapi.

"Kahawa?"

"Ya Kenya. Ni nzuri sana."

Mzee mmoja kati ya wageni akasimama, akavaa miwani, akainama, akanusa. Tena akanusa taratibu, kama mtu anayeonja.

"Binti," akasema, "nimekuwa daktari wa mifugo maisha yangu yote. Huyu ni mbuzi. Na alikuwa na afya njema."

Ukumbi ukalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka, kile kicheko cha kutafuta mlango.

Ningeishia hapo ningekuwa na nafuu. Lakini Solveig akaleta beseni la dawa.

"Lazima tuliloweke. Ama libaki huku bandarini."

Libaki! Nikalinyakua. Nikamwambia, naomba kidogo tu. Nikatia uso kwenye kola, na baba alikuwa humo. Vumbi la Kajiado. Moshi. Chai ya tangawizi anayokunywa akiwa amesimama, jicho kwa wateja. Jasho lake. Na mbuzi, naam, mbuzi. Nikavuta pumzi, nikavuta tena, nikitaka kuimaliza harufu yote kabla ya dawa. Halafu nikalia. Si machozi ya adabu, wasee. Nililia kwa kwikwi, koti kichwani, mbele ya abiria wote na mbele ya kapteni, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia kuwakaribisha wageni.

"Nani amekufa?" kapteni akauliza.

"Hakuna," Solveig akajibu. "Ni koti."

Safari hii hakuna aliyecheka. Solveig akazima mashine, akaketi sakafuni kando yangu, akanipa kibanio cha pili. Tukang'oa mbegu pamoja, yeye mkono wa kulia, mimi wa kushoto.

"Koti la baba yangu, mama alilifua siku tuliyomzika," akaniambia polepole. "Sijui alikuwa anafikiria nini."

Tulipomaliza, nililitia kwenye beseni mwenyewe. Nilikataa mtu mwingine aliguse.

Jioni meli imeng'oa nanga. Wageni wote walikuwa juu wakiwapungia mkono watu wao walioko nchi kavu. Mimi sikuwa na mtu, nikampungia yule mwanamume wa bandarini aliyefungua kamba. Akatazama nyuma yake kwanza. Halafu akanipungia pia, kwa mikono yote miwili.

Sasa nimewaambia. Najua mko pale kwenye cyber mmejazana kwa kiti kimoja, na mmoja wenu tayari ameshika mbavu. Sitawaomba msicheke. Chekeni, lakini chekeni kwa nguvu. Huku ni mbali.